Fungu la Lengalenga Lililooza Kwenye Frigo Yangu

Ndugu zangu, nianze na lililo baya kabisa, ili msije mkanihurumia mapema. Nilimdanganya mwanamke aliyekuja mlangoni kwangu na mboga mkononi, na uongo ule alikwenda nao mpaka kaburini. Kosa ni langu. Sikuwa nimelewa, wala sikutumwa na mtu. Nilikuwa na akili zangu zote.

Mimi ni mzee wa hapa Kalemie, mji wa bandari kando ya ziwa. Jina langu liacheni. Majirani wakisoma haya watanitambua, na wakinitambua ni haki yao.

Maisha yangu ya kazi niliyamaliza katika depo ya reli. Nilikuwa mtunza vifaa. Misumari, boliti, grisi, taa, vyote vilikuwa chini ya funguo zangu, na hakuna fundi aliyechukua hata nati moja bila kusimama mbele ya meza yangu na kuomba. Halafu umri wa kustaafu ukafika, pansioni ikanikuta. Mnamjua mzee wa pansioni. Anakaa kwenye kiti barazani, anaangalia wapita njia, hana tena wa kumwamuru. Mwisho anageukia jikoni.

Ole wake mwanamke ambaye mume wake amegeukia jikoni!

Mke wangu nitamwita Mama Solange, ingawa binti yetu wa kwanza haitwi hivyo. Kila asubuhi alikuwa anachukua kitunga chake na kushuka mpaka barabarani, upande wa mto Lukuga, mahali wanawake wa mashamba wanapopanga majani yakiwa bado na umande. Matembele, sombe, lengalenga, bilolo, ngaingai. Alikuwa anarudi jua limekwisha kupanda, mimi nikiwa nimeshakunywa chai peke yangu na kununa.

“Mama, fungu moja la matembele njo linakukalisha kule asubuhi muzima?”

“Papa, matembele ni kidogo,” alikuwa anajibu, akicheka. “Maneno njo mingi.”

Halafu akiwa anachambua majani yake alikuwa ananisimulia. Nani ameoza binti, nani amegombana na mkwe, padri gani amehamishwa. Nilikuwa najifanya sisikii.

Mtu wake mkubwa pale barabarani alikuwa Mama Riziki. Huyu ni mwanamke wa pwani ya kaskazini ya ziwa, aliyeteremka huku na watu wake wakikimbia vita. Mume wake alikuwa mvuvi. Alipokufa, Mama Riziki akashika jembe, akalima kipande cha ardhi karibu na mto. Yeye na mke wangu walijuana kabla hawajaota mvi. Mke wangu alikuwa hanunui mboga kwa mtu mwingine kama Mama Riziki yupo, na Mama Riziki hakumuuzia bila kumwongezea matabishi, kiganja kizima juu ya fungu.

Tulipomzika mtoto wetu wa mwisho, Mama Riziki ndiye aliyekaa na mke wangu kwenye mkeka. Alimlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia depo, nikisema kazi haingoji.

Hayo yote niliyajua. Nataka muelewe vizuri kwamba niliyajua.

Sasa binti yetu anayeishi Lubumbashi akatutumia frigo. Ilikuja kwa treni, ikafikishwa nyumbani juu ya mkokoteni, vijana wanne wakiisukuma na nusu ya mtaa ikifuata nyuma. Tuliiweka sebuleni, si jikoni. Kitu kama hicho ukikiweka jikoni nani atakiona? Mke wangu akaitandikia kitambaa alichokishona mwenyewe. Ilikuwa na kufuli mlangoni, na funguo mbili. Zote mbili nikazitia mfukoni mwangu.

Jamani, nilivyofurahi! Nilikuwa na depo tena.

Jioni ile ile nikatoa amri. Nikamwambia mke wangu: “Kuanzia leo kwenda kila asubuhi kumekwisha. Tutanunua mara moja kwa juma, Jumamosi, na mimi nitakusindikiza. Tutajaza frigo, kila siku nitakutolea za kupika.”

Alinyoosha kile kitambaa juu ya frigo.

“Papa Solange,” akasema, “matembele si misumari.”

“Frigo ilitengenezwa na watu wenye akili kuliko sisi wawili.”

“Na Jumamosi Mama Riziki hauzi. Kanisa lake linashika Sabato. Iko anasali.”

“Kwani ni yeye peke yake ana majani katika Kalemie?”

Alinyamaza. Nilidhani amekubali. Wanaume wa umri wangu, ukimya wa mwanamke maisha yetu yote tumeuhesabia kuwa ni “ndiyo”.

Hapa niseme ukweli ambao sikuusema hata kwa muungamishi wangu. Habari ya mboga ilikuwa kisingizio. Nilikuwa na wivu. Wivu juu ya nini? Juu ya ile barabara! Mke wangu alikuwa na mahali pa kwenda kila asubuhi, na watu waliofurahi kumuona anakuja. Mimi nilikuwa na kiti. Nilitaka akae karibu na kiti changu.

Basi tukaanza. Jumamosi tunanunua kwa haraka katika soko la mjini, mimi nikiwa nyuma yake kama askari. Napanga mafungu ndani ya frigo: ya zamani mbele, mapya nyuma, kama nilivyofundishwa kazini. Asubuhi nafungua, natoa fungu, nafunga. Wageni wakija nafungua tena ili waone.

Na mboga zinaoza.

Umeme wetu hapa unakuja ukipenda na kuondoka ukipenda. Ukiondoka, frigo inakuwa sanduku tu, sanduku lenye joto na unyevu. Lengalenga zilikuwa zinalegea, zinatoa maji meusi. Matembele yanakuwa kama kamasi. Sombe iliyotwangwa inachacha. Mara ngapi nilishika mkononi kitu kilichokuwa kibichi na kizuri Jumamosi, kikaniteleza vidoleni kama samaki aliyevunda! Ilikuwa inaniuma sana. Basi nikawa ninamgombeza nani? Mke wangu. Umeosha kabla ya kuweka! Hukuzikausha! Umenunua za jana!

“Nilinunua zile mulinichagulia,” alikuwa anasema polepole, na kwenda kutupa.

Tukala sana maharagwe miezi ile. Na yeye hakuwa tena na la kunisimulia. Atalitoa wapi?

Ndipo siku moja, kabla ya saa sita, nikasikia hodi. Nilikuwa barazani peke yangu. Mke wangu alikuwa amekwenda kwenye bomba la jirani kuchota maji.

Alikuwa Mama Riziki, miguu ina udongo mpaka kwenye magoti. Mkononi ana fungu kubwa la lengalenga, za kijani kibichi ambacho sikukiona kwenye frigo yangu hata siku moja.

“Jambo, Papa Solange.”

“Jambo, mama.”

“Dada yangu iko wapi? Siku mingi hatumuone kule barabarani. Wenzangu wanasema amepata frigo, amekuwa muzungu, anakula majani ya baridi.” Alicheka, halafu akaacha kucheka. “Ao anagonjwa?”

Neno hilo alinipa mwenyewe. Mimi nikalidaka.

“Ndiyo, anagonjwa,” nikasema. “Amelala.”

“Yesu! Anagonjwa nini?”

“Mwili tu. Nguvu zimemwisha.”

“Niache nimusalimie kwa mulango tu. Sitaingia.”

“Hapana, mama. Walituambia apumzike. Usingizi njo dawa yake.”

Alisimama pale akiangalia mlango nyuma yangu. Nilikuwa naomba moyoni mke wangu asitokee na ndoo yake. Mzee kama mimi! Naogopa ndoo!

“Basi, Papa, mumuambie,” akasema mwishoni. “Kesho ninapanda bato, ninarudi kwetu. Watoto ya kaka yangu wameniita, nyumba ya baba iko tupu. Nilikuja kumuaga. Mumupe hizi lengalenga, ni za mwisho za shamba yangu, nimezichuma leo kwa mukono yangu. Mumuambie asiache zilale.”

Akanipa lile fungu kwa mikono miwili. Nililipokea kwa mikono miwili. Kisha akaenda, na kwenye kona aligeuka kuangalia nyumba tena.

Sikukusudia kunyamaza, nawaapia. Nilisema nitamwambia akirudi. Nikalitia fungu kwenye frigo, nyuma kabisa, chini, nikafunga. Mke wangu akaja na maji, akanywesha maua yake, akaoga, kisha siku ile, sijui kwa nini siku ile, akavuta kiti chake karibu na changu tukasikiliza redio pamoja. Ilikuwa muda mrefu hajafanya hivyo. Nikawaza: nikimwambia sasa atasimama, ataondoka mbio, na kiti hiki kitabaki kitupu. Nitamwambia usiku. Usiku nikasema kesho asubuhi. Asubuhi nikamngoja aamke, alipoamka nikamwomba chai.

Boti ikaondoka.

Baada ya hapo nikajiambia kwamba jambo limekwisha kupita, kumwambia ni kuleta kelele bure. Angalieni jinsi uongo unavyojipangia vizuri. Nikalisahau hata fungu lenyewe.

Halafu umeme ukakatika, na mara hii haukurudi haraka. Harufu ikaanza kutoka kwenye frigo, ikajaa sebule nzima. Nikafungua. Mke wangu akapiga magoti na beseni, akaanza kutoa uozo mmoja baada ya mwingine, na mimi nimesimama juu yake kama bosi, nikihubiri.

“Angalia! Na hili huku nyuma ni la nani? Nani aliliweka bila kuniuliza? Nilisema mapya yanakaa…”

Nilijisikia mwenyewe nikisema. Nilikuwa nimechelewa.

Mke wangu alikuwa ameshika kitu kinachochuruzika maji meusi. Majani yalikuwa yameisha kabisa, hakuna aliyeweza kujua yalikuwa majani gani. Lakini kilichoyafunga hakikuwa kimeoza. Wauzaji wote wa pale barabarani wanafunga mafungu kwa kamba za mgomba. Mama Riziki peke yake alikuwa anachana kitenge chakavu na kufunga kwa utepe wa nguo, na kila aliyenunua kwake anaujua.

Mke wangu aliuvuta ule utepe polepole kutoka kwenye uozo. Akaufuta kwa kidole gumba, rangi ikaonekana.

“Papa Solange. Mama Riziki alikuja hapa siku gani?”

Ningeweza kudanganya tena. Nilikosa nguvu. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, na yeye akiwa bado amepiga magoti. Alikuja kukuaga. Amerudi kwao. Nilimwambia unaumwa.

“Miye? Mugonjwa?”

“Ndiyo.”

“Na miye nilikuwa wapi?”

“Bombani.”

Hakulia, hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele! Alikwenda nje, akaufua ule utepe kwa sabuni, akauanika kwenye kamba. Kesho yake asubuhi alichukua kitunga, akapita mbele yangu, akashuka barabarani.  Funguo za frigo niliziweka juu ya meza, na siku zile zote hakuna aliyezigusa.

Alikuwa anarudi na mboga mbichi, anapika, anasonga ugali, ananiandalia. “Papa, bukari iko tayari.” Basi. Chakula kizuri kuliko chote nilichokula miezi ile, lakini hadithi za barabarani hazikuja nacho.

Nikaanza kwenda bandarini. Nilitaka nimpate mtu wa boti za kaskazini abebe salamu: mwambieni Mama Riziki kwamba rafiki yake ni mzima, kwamba mume wake alisema uongo. Watu wa boti wana mambo yao. Walinicheka.

“Papa, tubebe samaki, tubebe mafuta, tubebe na uongo yenu tena?”

“Beba tu, mwanangu.”

“Uongo haulipiwe kilo, Papa. Sawa, tutabeba.”

Nilikuwa nakwenda kila boti ilipofika. Nikawa nakaa kwenye magunia, mabaharia wakanizoea. Mwishowe mchuuzi mmoja wa samaki wakavu, mtu mzima mwenye adabu, akanivuta pembeni. Alikuwa anasali kanisa moja na Mama Riziki kule kwao.

“Papa, ile salamu yenu haikumukuta. Mama yule amepumzika. Homa ilimushika, haikumuachia. Tulimuzika vizuri.”

Nilikaa chini.

“Alikuwa muntu wa maombi,” akaendelea, akidhani ananifariji. “Kila Sabato alikuwa anasimama mbele ya kanisa: ‘Ndugu, muniombee rafiki yangu wa Kalemie, nilimuacha mugonjwa, sikumuona uso.’ Hata akiwa kwa kitanda, alikuwa anatuuliza kama kuna habari ya Kalemie. Sisi wote tulimuombea huyo mama bila kumujua. Papa, je, alipona?”

Ndugu zangu, ningemjibu nini mtu yule? Kanisa zima lilipiga magoti kwa ajili ya ugonjwa nilioutunga mimi barazani kwangu, nikiogopa kunywa chai peke yangu.

“Alipona,” nikasema.

Huo ukawa uongo wangu wa pili. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njiani nikaapa kwamba wa tatu hautakuwapo.

Mke wangu alikuwa anachambua bilolo uani. Nikakaa chini mbele yake, juu ya udongo, mimi niliyezoea kiti changu. Nikamwambia kila neno, hata lile la maombi. Hasa lile la maombi.

Mikono yake ilisimama.

“Alikufa akifikiri miye njo ninakufa,” akasema.

Hapo ndipo alipolia. Nilinyoosha mkono, akausogeza pembeni, bila hasira, kama unavyosogeza tawi lililokuzuia njia.

Alitandika mkeka uani, akafanya kilio kama cha dada wa tumbo moja. Wanawake wa barabarani walikuja na vitenge vyao viunoni, kila mmoja na fungu lake la majani, wakawasha moto, wakapika chungu kimoja. Mmoja wao, mfupi mwenye sauti kubwa, alisimama mbele yangu mlangoni na masufuria kichwani.

“Papa, leo hamutatuambia dada yetu amelala?”

Wenzake wakamwambia anyamaze. Nikasema, “Mwacheni, ana haki,” nikampisha.

Nilikaa kando ya uzio. Nilimsikia mke wangu akiwasimulia habari za Mama Riziki, na ndani ya habari hizo mlikuwa na mwanamke mwingine ambaye simjui: mke wangu mwenyewe. Kumbe aliwahi kutaka kuniacha, tulipomzika mtoto na mimi nikakimbilia depo. Alikuwa ameshafunga nguo. Mama Riziki ndiye aliyemfungulia lile furushi, akamwambia: “Mume yako analia kwa mikono, anapanga misumari. Muache apange, atarudi.”

Jamani! Mtu niliyemfukuza mlangoni ndiye aliyenibakizia mke!

Hakuniacha hata sasa. Msidhani basi kwamba tumepona. Kila asubuhi anashuka barabarani. Akirudi nasimama, napokea kitunga, yeye ananiachia. Juzi alisema binti wa jirani amejifungua mapacha. Alisema hivyo tu, akaingia ndani. Nililishika neno lile siku nzima kama mtu aliyepewa mkate.

Frigo tulimwomba binti yetu ruhusa, tukaipeleka kwa mama mmoja anayeuza maji ya baridi karibu na kituo cha treni. Majani tunayapika siku yanapochumwa, kidogo kidogo, yanayobaki yanakwenda kwa majirani kabla hayajalala.

Lakini ninyi mlio na frigo msiogope, kosa langu halikuwa frigo. Nawaambia hasa ninyi wanaume wenzangu mliotoka kazini, mnaoona kwamba wake zenu wanachelewa sana sokoni, kisimani, kwenye chama chao. Hawachelewi. Wapo mahali pao. Mlikuwa na mahali penu miaka yote na hakuna aliyewafungia.

Na mgeni akipiga hodi akamuuliza mke wako, usimjibu wewe. Mwite! Hata kama yuko bombani, hata kama njaa inakuuma, mwite kwa sauti mpaka asikie. Kisha inuka kwenye kile kiti chako, umpe mgeni akalie.